Ukwato Niliounyoosha

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wafuga punda, salaam aleikum. Mimi ni mkata kwato. Mwanijua kwa majivuno, leo nitawapa na aibu yake.

Nilikuwa na kibao nilichokichonga kwa umbo la ukwato mzuri kuliko wote niliowahi kukata, na kila mnyama nilimpima nacho. Punda wa Gongoni, farasi wa Watamu wanaobeba watalii ufukweni, wote kibao kimoja.

Nikaitiwa farasi jike mmoja, mguu wa mbele wa kushoto umepinda nje tangu kuzaliwa. Mwenyewe, mama mtu mzima, aliniomba nimpunguze ukwato tu, nisimnyooshe. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilikata, nikapiga tupa, mpaka ukwato ukaenea kwenye kibao sawasawa.

Kesho yake farasi alikataa kuukanyagia mguu ule. Na mimi, ndugu zangu, niliamka nachechemea mguu wa kushoto.

Msicheke. Hospitali hawakuona kitu. Nyumbani wakasema ni shetani, nikafukizwa ubani wiki nzima. Kila nikipita bandani, yule farasi hutazama mguu wangu, si uso. Nikaingiwa na hofu, nikaacha kazi. Mwezi wa pili tangu hapo, daktari wa mifugo akasema farasi asipopata nafuu, atadungwa sindano afe.

Yule mama akaja kunichukua. Akatutembeza sote wawili ufukweni, adhuhuri, maji yamekupwa, kisha akaniambia nitazame tulikotoka. Mimi nimeburura mchanga, farasi ameburura mchanga, hatua kwa hatua, mahali pale pale.

"Mwanangu," akasema, "usimpime tena. Mfuate."

Nililia pale pale. Tangu siku hiyo nikawa nautazama mwendo wake kwanza, ndipo nashika kisu. Naondoa kidogo, namwacha atembee, narudi tena baada ya siku kadhaa. Ukwato ukakua, ukageukia upande wake wa asili. Asubuhi moja alitoka bandani mwenyewe, mguu umepinda vilevile, akatembea vizuri. Nikamfuata mpaka majini, na mama ndiye aliyeona kwamba sichechemei.

Namshukuru mama yule kwa kutonifukuza, nanyi mliowalisha wanangu nilipokuwa sina kazi. Ninalowaambia ni hili: kila mnyama ana mwendo wake, ujue kabla hujamkata.

Mpaka leo nikikata kwa pupa, mguu wangu wa kushoto huanza kuuma, nami huweka kisu chini. Sijauombea dua upone. Nanyi msiniombee.