Marehemu Arlan Gehrke, Aliyeikata Bunduki ya Baba Yake

Arlan Reinhold Gehrke hakupenda kusifiwa, na leo hatasifiwa zaidi ya alivyostahili. Alizaliwa Jumanne, tarehe 11 Machi 1947, katika shamba la ng'ombe wa maziwa nje kidogo ya Athens, kaunti ya Marathon, hapa Wisconsin. Alikuwa mtoto wa pili na kitinda mimba wa Mzee Reinhold na Mama Hulda, na kaka yake Delmar alimtangulia kwa miaka minne. Siku hiyo theluji ilikuwa imefunga barabara, mkunga akaletwa juu ya trekta la jirani. Mama Hulda alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto alitoka amekunja uso kama mtu aliyepoteza spana.

Alisoma katika shule ya kanisa letu, akapata kipaimara mwaka 1961, na kumaliza sekondari mwaka 1965. Akiwa darasa la saba aliifungua saa ya ukutani ili ajue kwa nini inachelewa. Alipoirudisha ikawa inawahi, na kwa muhula mzima watoto wakawa wanatoka mapema. Alipogunduliwa alichapwa, na alikubali kwamba alistahili. Alijifunza ukerezaji wa vyuma katika chuo cha ufundi Wausau, akatumikia jeshi miaka miwili huko Ujerumani akitengeneza malori, kisha akaajiriwa mwaka 1969 katika kiwanda cha mashine za kupasulia mbao. Alistaafu hapo mwaka 2009. Hakuwahi kumkabidhi mtu kipuri ambacho yeye mwenyewe asingekifunga kwenye mashine yake.

Tarehe 19 Juni 1971 alifunga ndoa na LaVonne Buchholz. Walikuwa wamekutana kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa, LaVonne akiwa mhudumu. Arlan aliagiza saladi ya kabichi mara tatu ili arudiwe mezani, ilhali kabichi hakuipenda hata kidogo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Corinne, mwaka 1974.

Mzee Reinhold alipofariki mwaka 1986 alimwachia Delmar shamba, akamwachia Arlan bunduki yake ya marisawa, ile kongwe ya kukokiwa kwa kuvuta na kusukuma, aliyowindia bata maisha yake yote. Wakati huo Arlan alikuwa amenogewa na mashindano ya shabaha ya klabu yetu kule kwenye machimbo ya kokoto. Katika mchezo huo mtu hukimbia kutoka kituo hadi kituo akiangusha sahani za chuma na kupakia risasi njiani, huku saa ikimhesabia. Wenzake walikuja na bunduki mpya zinazojipakia zenyewe. Arlan akasema ya baba yake itatosha.

Majira ya baridi ya mwaka 1988 aliibana kwenye jiliwa la karakana yake. Aliukata mtutu mrefu wa kuwindia, ukabaki mfupi ila ndani ya sheria. Mdomo wa kupakilia, ambao ulikuwa unamng'ata kidole gumba, aliupanua kwa tupa. Akakereza bomba refu la kuchukua risasi nane chini ya mtutu, akaweka ushanga mweupe wa kulengea. Kitako hakukigusa. Ubao wake ulikuwa umelainishwa na shavu la baba yake.

Jumapili moja baada ya ibada, Delmar aliingia karakana kuazima spana, akaona kipande cha mtutu sakafuni.

"Hiki nini?"

"Mtutu, kaka. Kipande tu."

"Wa bunduki ya Baba?"

"Ulikuwa mrefu mno kwa..."

"Umemkata Baba," Delmar alisema. "Bunduki ya mzee umeifanya bomba la kupulizia dawa viazi!" Akaondoka bila spana.

Kwa karibu miaka mitatu hakumsemesha mdogo wake. Hawakuacha kuonana, maana huku kwetu ugomvi hauzuii chakula cha Krismasi. Delmar alikuja na soseji zake za kulungu, akaketi, akazungumza na Arlan kupitia kwa LaVonne.

"Shemeji, mwambie mumeo anipitishie haradali."

"Arlan, kaka yako anataka haradali."

"Mwambie iko mbele ya pua yake."

"Shemeji, mwambie nimeiona."

LaVonne akaweka uma chini. "Mimi si posta! Mkitaka barua zipelekwe, nunueni stempu."

Hakuna aliyecheka. Ni aibu ndugu wawili waliobatizwa katika beseni moja kununiana kwa ajili ya chuma, na ni haki isemwe hapa, kwa kuwa Arlan alikuwa akisema hivyo mwenyewe. Aliamini hakutenda kosa kuikata bunduki. Kosa lake, alisema, lilikuwa kutomuuliza kaka yake kwanza. Alishinda vikombe viwili kwa bunduki ile, akavifungia kabatini pasipo kumwonyesha mtu. Alichotaka ni Delmar apige simu.

Vuli ya mwaka 1991 alijaribu njia nyingine. Alitaka Delmar aone kwamba bunduki ile bado ni ya bata. Sheria haimruhusu mwindaji wa bata kuwa na zaidi ya risasi tatu bundukini, moja mtutuni na mbili bombani, kwa hiyo watu huchomeka kijiti ndani ya bomba ili zisiingie nyingi. Kijiti cha Mzee Reinhold alikichonga mwenyewe kwa mpini wa uma wa nyasi. Arlan alikitafuta, akakiungia kipande kirefu ili kitoshe bomba jipya, akamtumia Delmar mwaliko kupitia posta ile ile ya LaVonne. Delmar hakutokea. Arlan aliwinda peke yake kwenye bwawa la baba yao, akarudi na bata wawili na uso mrefu.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 12 Oktoba, yalikuwa mashindano ya kufunga mwaka. LaVonne alimpigia Delmar simu kwamba gari lake limegoma kuwaka, ampeleke machimboni. Gari lilikuwa zima. Uongo ni dhambi, na LaVonne aliutubu, ingawa si kwa haraka.

Katika kituo cha kwanza bunduki zililazwa mezani zikiwa tupu. Kengele ikalia. Arlan akaikamata yake, akasukuma risasi ya kwanza bombani, ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikagoma. Akaisukuma kwa gumba, akaisukuma kwa kiganja, akaitupa akidhani imevimba, akachukua nyingine. Nayo ikagoma.

"Arlan, zibembeleze!" mmoja akapaza sauti.

"Ziimbie zaburi!"

Nje ya uzio Delmar alikuwa amesimama amekunja mikono. Mikono ikakunjuka. Akaanza kucheka, akacheka hadi akashika nguzo.

"Arlan! Bwana mdogo! Kijiti cha Baba! Kijiti kimo humo!"

"Watazamaji wanyamaze!" msimamizi akafoka.

"Sinyamazi! Huyu ni mdogo wangu!"

Arlan hakujitoa. Alimaliza kituo kizima kwa risasi mbilimbili, akapakia, akapiga, akapakia tena, akawa wa mwisho kabisa. Alipokwisha kuonyesha kwamba bunduki ni tupu, alifungua bomba na kukivuta kijiti. Delmar akakipokea, akakigeuzageuza hadi akaona alama za kisu cha baba yao.

"Ulikitunza."

"Nimekiongezea urefu tu, kaka. Ningekuuliza, ila ulikuwa huongei."

"Na hiki nacho! Huachi kitu bila kukichokonoa?" Kisha, kwa sauti ya chini: "Hebu nami niijaribu."

Mashindano yalipokwisha msimamizi alimruhusu. Alikosa sahani zote, akasema bunduki inavuta kushoto. Arlan akamjibu kwamba Baba naye alidai hivyo kila alipomkosa bata.

Tangu siku hiyo walikwenda machimboni pamoja, Delmar akiandika alama. Arlan alikuja kuwa msimamizi wa usalama kwa miaka kumi na minane, na hakuwa na upendeleo: mkwe wake mwenyewe, Todd, alipogeuza mtutu kuelekea watu, alimrudisha nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Todd anakiri kwamba ilikuwa sawa.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kwamba mapafu yake yanakauka. Hakulalamika. Pumzi ilipokuwa haitoshi tena kukimbia, alipiga akiwa amekaa kwenye kiti, na baadaye akaketi kutazama. Delmar alikuja kila asubuhi wakacheza karata, wakibishana hadi muuguzi akatishia kuwatenganisha. Arlan alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumamosi, tarehe 4 Novemba 2023, mkewe na kaka yake wakiwa kando ya kitanda.

Ameacha mjane, LaVonne; binti, Corinne, na mumewe Todd; wajukuu wawili, Bridget na Nolan; na kaka yake Delmar. Katika safu ya wazazi wao makaburini zilibaki nafasi mbili. Zamani zile za kununiana, Delmar aliapa kwamba atazikwa mjini, kwa wakwe zake. Kiapo hicho alikivunja mbele ya mchungaji, na ni kiapo pekee ambacho ni vizuri kimevunjwa. Leo Arlan analala pembeni mwa baba yake, na nafasi iliyo karibu naye ni ya Delmar, ambaye ameomba isomwe hapa kwamba hana haraka nayo.

Bwana ampe mtumishi wake usingizi mtulivu, hadi asubuhi ya ufufuo.