Maji ya Nesi Sreeja

Mvua ilikataa kukatika asubuhi ile, na wagema mpira wa kijiji cha Pullikkal hawakuwa na la kufanya, maana mti uliolowa haugemwi. Wakajibanza kwenye benchi la Eliamma muuza kahawa, chini ya bati, kila mmoja na glasi yake ya kahawa nyeusi ya sukari guru. Alikuwepo Pailey, aliyeitwa Wakili kwa kuwa ameshindwa kesi nyingi za mashamba kuliko mtu yeyote wilayani. Alikuwepo Chacko Kuwaiti, aliyerudi nyumbani zamani lakini saa yake ya mkononi bado inasoma majira ya Kuwait. Alikuwepo Kurian Mara Mbili, aliyebatizwa Mkatoliki utotoni, kisha akahamia kwa walokole na kuzamishwa mtoni kichwa kimejaa mvi. Katikati yao alikaa mzee Ouseph, amenuna, simu ameizima na kuitia mfukoni. Jana jioni mwanawe Jomon alipiga kutoka hospitali kusema kwamba mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa kabla ya wakati wake, amekwisha kubatizwa. Na nesi.

Wakili: Nesi gani huyo?

Ouseph: Sreeja, sijui wa wapi. Tena si Mkristo. Anasali hekalu la Wahindu!

Kuwaiti: Makubwa!

Ouseph: Kachukua maji, kammiminia mtoto kichwani, kasema yale maneno, basi. Hakuna padri, hakuna mshumaa, hakuna kitambaa cheupe. Nimempigia paroko alfajiri, nikamwambia mtoto akitoka abatizwe upya, pale pale tulipobatizwa sisi wote. Ananiambia haiwezekani! Ati ubatizo ni mmoja, haurudiwi, na yeyote anaweza kubatiza ikibidi. Nimewaambia sitii mguu hospitalini mpaka wakubali.

Moyoni Ouseph alitaka mtu mmoja tu amwambie ana haki. Benchi la Eliamma halijawahi kumnyima mtu maoni.

Wakili: Kisheria una haki, mzee wangu. Hapo ni sawa na kuuza shamba mbele ya karani asiye na muhuri. Hati ni batili. Ile dhambi ya Adamu inarudi kwa mwenyewe.

Eliamma: Mwenyewe nani? Adamu?

Wakili: Au nesi. Inategemea nani alishika kikombe.

Kuwaiti: Wee Pailey, usimtishe mzee. Swali ni maji. Maji yenyewe ya wapi? Kule Kuwait tulikuwa tunabatiza kwa maji ya bahari yaliyochujwa. Mtoto wa binamu yangu alibatizwa hayo, mpaka leo hatulii kanisani.

Eliamma: Wewe ulibatizwa ya kisimani, na kanisani unalala.

Kuwaiti: Angalau nimo ndani, dada! Sasa hospitalini wana yale maji ya dripu, ya kuning'iniza, yana chumvi. Na mapadri wa zamani si walikuwa wanamwekea mtoto chumvi ulimini? Basi nesi kaunganisha yote mawili kwa mpigo. Huyo mtoto kabatizwa kuliko sisi.

Mara Mbili: Ndugu zangu, mnahangaika bure. Kumwagia si kubatiza. Kubatizwa ni kuzikwa na kufufuka na Kristo. Mtu hazikwi kwa kunyunyiziwa udongo kisogoni! Sharti azame wote, tena akiwa na akili zake, atamke mwenyewe kwamba anaamini.

Wakili: Kwa hiyo samaki wa mtoni wote wameokoka.

Mara Mbili: Samaki hawatamki.

Wakili: Na wewe ulipozama ulitamka nini? Sisi tulisikia unaita mama yako.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Ouseph hakucheka. Kelele zile zilimfaa, zilijaza mahali ambapo hakutaka kupatazama.

Kuwaiti: Jamani, lingine. Yale maji yaliyochuruzika kwenye vidole vya nesi, si naye yamembatiza?

Wakili: Ukifika huko, mvua hii imebatiza wilaya nzima, na mbuzi juu.

Mara Mbili: Bila maneno, ni kulowa tu!

Hapo aliingia chini ya bati mtu mmoja anayechuruzika maji, begi la vifaa begani, majivu ya hekaluni yamebaki kidogo kwenye paji la uso. Alikuwa fundi wa miavuli, mgeni pale. Eliamma akampa kahawa. Akasikiliza kwa adabu, akajikohoza.

Fundi: Samahani wazee wangu, mimi mambo yenu siyajui. Huyo nesi, kwa nini hakumsubiri padri?

Kuwaiti akatazama saa yake isiyomsaidia. Wote pale walilijua jibu tangu utotoni, tangu katekisimu, na hakuna aliyeweza kulitoa mbele ya Ouseph. Eliamma akageukia moto wake.

Ouseph akaiweka glasi yake chini.

Ouseph: Alikuwa anakufa.

Eliamma akauacha moto, akamgeukia.

Ouseph: Mjukuu wangu alikuwa anakufa, na mimi nagombania kitambaa.

Akatoa simu, akaiwasha, akampigia mwanawe. Jomon akapokea kabla haijalia vizuri.

Ouseph: Anapumua?

Jomon: Anapumua, baba. Kwa mashine. Tumekupigia tangu asubuhi.

Ouseph: Huyo nesi yupo?

Jomon: Yupo. Zamu yake imekwisha, lakini hataki kuondoka. Baba, usije kumgombeza, tafadhali. Mama mtoto ndiye alimwomba. Yeye alisema hajui kama anaruhusiwa, akabatiza huku analia.

Ouseph akamwaza nesi. Mwanamke asiyemjua, asiyesali kanisani kwake, hakukubali mjukuu wake aende peke yake, bila neno, bila mtu wa kumsindikiza. Machozi yakamtoka mbele za watu, wala hakuyaficha.

Ouseph: Mwambie asiondoke. Nakuja kumshukuru.

Akasimama. Mara Mbili, aliyekuwa na pikipiki, alikwisha kukimbilia mvuani kuiwasha.