Mheshimiwa Alipomwaga Kikapu Chake Mezani

Mheshimiwa Kipruto, Mwakilishi wa wadi yetu, Bwana Chifu, Pasta uliyetuombea, wanakamati wenzangu wa kituo cha majani chai cha Kapsirgoi, wageni wetu kutoka Kapkatet na Silibwet, na nyinyi akina mama mlioacha kuchuma leo, jambo ambalo hamkulifanya hata siku ya harusi yangu: Bwana asifiwe. Na kwa salamu ya kwetu, chamgei.

Mimi ni Joan Chepchumba, mwenyekiti wa kituo. Nimepewa dakika tano kabla daraja hili halijafunguliwa, na kwa kuwa waheshimiwa wakipewa tano huchukua hamsini, mtanisamehe nikichukua sita.

Wageni, kabla ya kulitazama daraja, mtazameni Mama Wilkista Gesare, yule aliyeketi mbele na fimbo. Mwaka wa 2013 mgombea mmoja alitumwagia lori mbili za mchanga hapa mtoni, wiki moja kabla ya uchaguzi, akasema daraja limeanza. Mama Wilkista aliwapikia vijana wake, akapita boma kwa boma akimwombea kura, nasi tukampa. Matokeo yalipotangazwa, lori zilirudi kuchukua mchanga. Hata ule uliobaki kwenye nyasi waliufagia. Miaka mitatu baadaye Mama alikuwa akivuka kwenye gogo, kikapu mgongoni, akateleza, mguu ukavunjika. Mimi nilikuwa nyuma yake, na uchungu wa siku hiyo bado ninao.

Tangu hapo hajapiga kura. Alikuwa akiniambia, "Joan, hii kitambulisho ni ya kwenda hospitali tu. Usiniambie mambo ya debe." Nani kati yetu angemlaumu? Na ni wangapi hapa tuliendelea kupiga kura, lakini kwa ajili ya sukari ya wagombea, kwa sababu sukari angalau tulijua itafika nyumbani?

Mwaka wa 2022 akaja Mheshimiwa Kipruto na ahadi zake: lami, kiwanda, hospitali, daraja, na paa la kituo. Karani wetu Bwana Onsongo, ambaye hajawahi kumwonea mtu haya, akamwambia, "Mheshimiwa, hapa hatupimi majani ikiwa ndani ya kikapu. Mwaga kwa meza tuchambue." Wakulima mnaelewa: majani mawili na chipukizi hupita, yaliyokomaa hurudi na mwenyewe. Basi tukachambua. Lami ni kazi ya wadi? Si yake. Ikatolewa. Kiwanda? Hicho hujengwa na wakulima wenyewe. Kikatolewa. Hospitali aliitoa mwenyewe, akifuta jasho. Zikabaki ahadi mbili, daraja na paa. Mpinzani wake alikuwa na ahadi kumi na tisa, na leso. Leso tulizipokea, hata sasa naziona tatu hapo nyuma. Lakini kura tulimpa mwenye mbili.

Je, tulimwamini? Hapana, tulikuwa tumempima tu. Kuamini kulikuja mwaka uliofuata, aliporudi bila kuitwa na bila msafara, akasimama kwenye meza ileile na kutuambia kwamba daraja halikuingia kwenye bajeti, na kwamba kosa ni lake, alichelewesha makaratasi. Tulimkemea sana siku hiyo, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka wa pili akarudi tena, na safari hii daraja lilikuwa limeingia kwenye bajeti. Viongozi mlioketi hapa, kwa nini mnaogopa kutuletea habari mbaya? Anayerudi nayo amekubali kwamba alituahidi, na huyo tunaweza kufanya kazi naye.

Mheshimiwa, nakupongeza kwa moyo wote. Paa bado. Mawingu yale unayaona, na majani yetu yatanyeshewa leo kama jana. Umebakisha mwaka mmoja.

Jana nilimpelekea Mama Wilkista mwaliko wa sherehe hii. Akaniuliza, "Joan, hiyo jina yangu bado iko kwa rejista ya kura?" Nikamjibu kwamba sijui. Akasema, "Basi kesho tukishavuka tusirudi. Tuendelee hadi ofisi ya uchaguzi Kapkatet tuangalie."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba mkasi huo umpe yeye akate utepe. Hajasema atampigia nani, na tafadhali usimuulize.

Asanteni kwa kunisikiliza mvua ikitukaribia. Sasa tupisheni, mimi na Mama tuna safari.