Bi Badriya Hajakaa Tu: Risala ya Uchochoro wa Kisimani kwa Dk. Elinaza

Mgeni rasmi, Dk. Elinaza, mtaalamu wa hesabu za watu na mpangaji mwenzetu wa zamani;
Mwenyekiti wa mtaa na kamati yako;
Majirani, pamoja na nyie mliosimama dirishani kwa kukosa viti:

Karibu nyumbani

Tangu jana tunagombania viti kwa ajili yako. Uliondoka Kurasini na begi moja na ndoo, ukaenda Ghana miaka kumi na moja kusoma jinsi watu wa kule wanavyozaliwa, wanavyokua na wanavyozeeka. Mwezi uliopita uliporudi, ulishuka kwenye gari ukaanza na shikamoo kwa wazee kabla hujaisalimia kamati. Hilo tuliliona, na kabla hujakaa lilikuwa limeshafika kwa muuza chipsi. Wale waliosema "akirudi hatatujua" wamo humu ndani. Hatutawataja, wanajijua.

Furaha hii haitufanyi tusahau jambo lililotuleta. Tuna ombi moja, na mwisho wake ni Ijumaa: chumba cha nyuma cha ofisi hii ya mtaa kisichukuliwe kutoka kwa Bi Badriya.

Tulichojifunza kwako

Siku ile uliyotukusanya humu humu ukumbini, ulitueleza kwamba wanaotazama nchi kwa takwimu huwagawa watu kwa umri. Wa miaka kumi na mitano hadi sitini na minne huhesabiwa kuwa wenye umri wa kazi. Watoto walio chini ya hapo na wazee walio juu ya hapo huhesabiwa wategemezi. Ukatupa habari za Ghana: kwamba miaka ya themanini kila watu mia wenye umri wa kazi walikuwa na wategemezi kama tisini, na sasa wameshuka, wako sabini hivi, wasichana wanakaa shule zaidi, na akina mama wanazaa wachache kuliko mama zao. Waliodhani Ghana ni mpira tu waliondoka hapa na heshima mpya.

Kisha ukatuinua vitini. Wenye umri wa kazi wasimame katikati, wategemezi wawashike nguo, tuone nani kambeba nani. Bi Badriya, mjane wa marehemu Hilal wa lile duka la kona, ana miaka sabini na moja, akaenda kwa wategemezi kama ulivyoelekeza. Kabla hajapata wa kumshika, watoto sita walikuwa wameshamshika yeye gauni. Ukawaambia waende kwa wazazi wao. Hawakwenda.

Adelard, ambaye ana miaka ishirini na saba, akapaza sauti: "Daktari, huyo bibi sasa utampanga wapi?"

"Wewe nyamaza," Bi Badriya akamjibu. "Chai ya asubuhi umenywa kwa nani?"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na wewe ukiwemo. Kwa hesabu, bibi anamtegemea Adelard. (Ameturuhusu tuliseme, kwa sharti tuseme pia kwamba kazi anatafuta. Anatafuta kweli.)

Tunachojivunia

Miaka tisa iliyopita Vaileth, huyu anayekusomea, aliajiriwa ukarani kwenye yadi ya makontena. Alikuwa na mtoto wa miezi minne na hakuna wa kumwachia, akaenda naye hivyo hivyo mgongoni. Mlinzi akamtazama: "Sista, hapa tunapokea makontena. Watoto hatupokei."

Akarudi analia. Bi Badriya alikuwa anafagia mlangoni.

"Unalia nini na kazi inakusubiri? Lete huyo mtoto."

"Bibi, nitakulipa nini?"

"Kwani nimekuuzia kitu? Hebu kimbia, utachelewa!"

Kesho yake watoto walikuwa watatu, maana Vaileth hajawahi kukaa na jambo moyoni. Mwaka uliofuata kamati, na hapa tunaipongeza, ikampa bibi chumba cha nyuma. Leo ni ishirini na watatu. Anajua yupi halali bila kupigwapigwa mgongo, yupi akila dagaa anavimba, yupi baba yake kasafiri na anahitaji kupakatwa zaidi. Mama zao ni makarani, wapishi wa bandarini, wafagiaji wa maofisi, na wawili wamekwishajenga Ukonga. Hakuna hata mmoja wao ambaye angeifikia kazi yake asubuhi kama bibi huyu angeamka siku moja akasema amechoka. Na kuchoka anachoka. Tunamwona anavyoushika ukuta akisimama.

Kosa letu

Sehemu hii tumeiandika mara nne kwa aibu.

Rogers, kijana wako wa takwimu, alipita na kishikwambi chake nyumba kwa nyumba kutuhesabu kwa ajili ya ripoti yako kwa kamati. Ni kijana mwenye adabu, na hana kosa. Alimkuta Bi Badriya kampakata mtoto mmoja, kambeba mwingine, na kwa mguu anamzuia wa tatu asiingie kwenye beseni.

"Shikamoo, bibi. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba, mwanangu. Kazi niitoe wapi mie na magoti haya? Nimekaa tu."

"Na hawa?"

"Wajukuu."

"Wote hawa?"

"Mungu akikupa utamkatalia?"

Rogers akaandika: hafanyi kazi. Alipoondoka, Vaileth akamuuliza bibi kwa nini amejibu vile.

"Ulitaka nimwambie mgeni kuwa nawalelea wanenu?" akasema. "Hayo masimango, mwanangu. Nikishayatoa mdomoni, huyo mtoto atakulaje tena kwangu akashiba?"

Maneno hayo Vaileth akatufikishia wote. Na Rogers alipofika milangoni kwetu kuuliza watoto wanashinda na nani, kila mmoja akajibu, "Wapo tu nyumbani." Wengine tulitaka kumlindia bibi heshima yake. Wengine, tuseme kweli, tuliona haya kukiri kwamba miaka yote hii ajuza ndiye aliyetubeba.

Matokeo yake rasimu ya ripoti yako inasema uchochoro wetu una wategemezi mia moja na wanne kwa kila watu mia wenye umri wa kazi, na kazi ya bibi haimo hata mstari mmoja. Kamati imeisoma, na inafikiria kuwapa chumba vijana wa kuchomelea, kwa kuwa wao wanazalisha na waliomo "wamekaa tu." Ripoti unaitia sahihi Ijumaa. Vijana hao hatuna ugomvi nao; wawili kati yao watoto wao wamo mle mle chumbani. Bibi kwake ana chumba kimoja na kitanda. Chumba cha nyuma kikienda, Jumatatu Vaileth na wenzake watasimama tena mbele ya mlinzi na watoto mgongoni.

Ombi

Hatukuombi ubadilishe hesabu za dunia. Miaka yake ni sabini na moja, iandike hivyo hivyo. Tunaomba pembeni ya umri iandikwe na kazi anayoifanya. Sisi tuliomdanganya Rogers tumejiorodhesha nyuma ya karatasi hii: jina la mzazi, jina la mtoto, saa ya kumleta na saa ya kumchukua. Arudi atuulize tena, safari hii tutasema.

Utakuwa umemtafuta Bi Badriya kwenye viti vya mbele usimwone. Yuko nyuma ya ukuta huu na watoto wetu wote, ndiyo maana sote tumeweza kukaa hapa kukusikiliza. Tukimaliza, tafadhali pita kule. Usimuulize anafanya kazi gani, maana unalijua jibu lake. Mwambie akapumzike, umpokee wewe kwa saa moja tu. Halafu Ijumaa utie sahihi vile utakavyoona.

Mungu akuzidishie afya, akupe mikono miepesi saa hiyo moja, na akurudishe kwetu mara nyingi.

Ni sisi wakazi wa Uchochoro wa Kisimani, Kurasini, Temeke.