Mapigo ya Mwalimu Sadbarg

Mwalimu Sadbarg Olimova anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane ya kufundisha Kiingereza katika shule yetu hapa Istaravshan.

Alianza na vitabu vichache na dufu la bibi yake. Katika Kitajiki, lugha yetu, mkazo wa neno kwa kawaida huangukia mwishoni, na wanafunzi walikuwa wakiupeleka hukohuko katika Kiingereza, neno liwe refu namna gani. Sadbarg aliwafanya wayapige maneno: pigo jepesi ukingoni mwa dufu kwa kila silabi, pigo zito katikati kwa silabi yenye mkazo. “Responsibility”, yaani wajibu, lilikuwa na mapigo sita, la nne zito. Hakuna aliyeruhusiwa kulitamka kabla mkono wake haujalijua.

Mzee Hotam, mwoka mikate wa jirani, alizoea kuchungulia dirishani.

“Mwalimu, leo tunamwoza nani?”

“Wewe, Mzee. Bibi harusi kakukimbia, ndiyo maana tunarudia.”

Mkaguzi mmoja aliandika kwamba amekagua somo la muziki, akalipa alama nzuri.

Wanafunzi wake wako Almaty, Moscow na Leeds. Hapa kwetu Kiingereza kizuri ni tiketi ya kuondoka, na Sadbarg alilijua hilo. Alitaka mmoja tu abaki: Mavzuna, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye Sadbarg alikuwa akimwandaa kurithi darasa. Mwezi Machi Mavzuna aliitwa kwenye usaili wa ufadhili wa masomo Uingereza. Alikuja chumba cha walimu. Maneno marefu yote yalikuwa yamemtoka kichwani.

“Mwalimu, nikishindwa nitabaki na wewe.”

“Ukibaki kwa kushindwa utanichukia, mimi na darasa langu. Kaa. Lete mkono.”

Walifanya mazoezi sikukuu nzima ya Navruz, chakula kikiwapoa mezani. Mavzuna alipita. Anaondoka Septemba. Nafasi ya mwalimu wa Kiingereza imetangazwa mara mbili, na hadi jarida hili linakwenda mitamboni hakuna aliyeomba.

Wiki iliyopita nilimwuliza Sadbarg tuandike nini juu ya Mavzuna. Nilitegemea aseme anajivunia.

“Andika kwamba nilitaka abaki.”

Tumeandika. Asante, Mwalimu, kwa wote uliowafundisha kuondoka. Tunakuombea afya, mapumziko, na wageni wengi wa kukutembelea.