Solotepu ya Mwinyimvua

Kijiwe cha Bushiri muuza kahawa kipo kwenye kona moja ya Kariakoo, benchi limeegemea ukuta wa duka la vitenge la familia ya marehemu Chandu. Asubuhi hiyo mbele ya benchi lilisimama gari la marehemu, rangi ya maziwa, boneti nzima imebandikwa solotepu ya kahawia ya kufungia maboksi, utadhani mzigo unaosubiri kupelekwa bandarini. Aliyebandika ni Mwinyimvua, dereva wa nyumba hiyo kwa miaka kumi na minane. Saa nne kamili, ndiyo saa njema aliyoichagua Mama Jasvanti, mjane wa Chandu, alitakiwa aondoke kulipeleka gari Songea kwa binti yao Mansi, aliyepata kazi huko. Boneti ilikuwa imepigwa rangi upya mwezi uliopita tu. Na Mwinyimvua, kwa mdomo wake mwenyewe, alimwapia mama wa watu kwamba gari halitafika na alama hata moja ya kokoto.

— Umejitahidi, alisema Abdulatif, muuza vipuri ambaye kijiweni wanamwita Waziri. — Ila solotepu peke yake ni mchezo. Chini ungepaka sabuni ya mche. Kokoto ikigonga, inateleza.

— Inateleza inaenda wapi? alidakia Onesphory. Huyu wanamwita Darubini, maana balaa huliona likiwa bado kilomita kumi. — Inakuja kwenye kioo! Kioo kinampasukia usoni. Mwinyi, hujayaona malori ya makaa ya mawe yakikupita pale wanapokarabati barabara. Yanarusha mawe kama yametumwa!

— Si akae mbali na lori, alisema Bushiri, birika mkononi.

— Akae mbali na la mbele, na linalokuja je?

— Basi afunge godoro, alisema Waziri. — La sponji. Shemeji yangu alienda nalo mpaka Tunduma. Kokoto zikigonga zinadunda, zinamrudia mwenye lori.

— Acha kamba, Waziri! Godoro likishika upepo gari linapaa, linatua porini Mikumi, kwa simba.

— Sasa wewe unashauri nini?

— Aende rivasi. Matakoni ndiko kupigwe mawe.

— Mpaka Songea?

— Mpaka Songea!

Benchi zima likacheka, isipokuwa Mwinyimvua. Aliogopa, tena aliogopa kweli. Malori alishayazoea. Alichoogopa ni uso wa Mama Jasvanti. Chandu alikuwa akiifuta boneti ile kwa leso yake mwenyewe kila Jumapili, na tangu afariki, mama hushuka kila asubuhi akaigusa kidogo, kisha akapanda zake juu.

— Mwinyi, mbona jasho hivyo? aliuliza Bushiri.

— Jua, kaka.

Na kweli jua lilikuwa kali. Lilikuwa limeipiga ile solotepu tangu saa moja.

Saa nne kasoro, Mama Jasvanti akashuka na sinia: malimau manne na kibakuli cha unga mwekundu wa dua.

— Shikamoo mama!

— Marahaba, wanangu.

Akaweka limau mbele ya kila gurudumu, likanyagwe kuondoa mkosi. Akarudi kwenye boneti, akachovya kidole kwenye ule unga, akakiinua, akasimama nacho hewani.

— Mwinyimvua, nipake wapi?

Ndipo Mwinyimvua akakumbuka. Miaka kumi na minane hajawahi kuanza safari bila mama kuipaka boneti alama nyekundu. Woga wa kokoto ulimsahaulisha hata hilo.

— Toa kidogo tu, hapa katikati, alisema mama. — Alama inakaa kwenye gari, haikai kwenye plastiki.

Mwinyimvua akaingiza ukucha. Gundi ilikuwa imeyeyuka, imenasa. Akavuta polepole. Solotepu ikatoka, na rangi ikatoka nayo, kipande cha ukubwa wa kashata. Pale katikati ya boneti pakabaki kijivu kitupu.

— Mama... nisamehe mama.

Mama Jasvanti aliliangalia lile doa, akakandamiza kidole chake chekundu palepale rangi ilipotoka.

— Mzee angekufokea, alisema taratibu. — Mimi nakuombea ufike salama. Nenda, saa isitupite.

Akageuka kupanda ngazi, halafu akasita, akaiangalia boneti iliyobaki.

— Na hii nyingine, huko Songea Mansi ataitoaje?

Darubini, kwa mara ya kwanza, hakuona kitu. Bushiri akatikisa birika, kumbe lilikuwa tupu.

Mwinyimvua akawasha gari. Malimau yakapasuka chini ya magurudumu. Hajafika hata Jangwani akajikuta ameisahau barabara, anaangalia juu, anatafuta wingu la kuikinga solotepu na jua. Hapakuwa na wingu hata moja.