Kamba ya Ng'ombe na Noti ya Korali

Tulikuwa sita asubuhi ile kwenye benchi ya kahawa, kando ya barabara ya Kashebere: Astrid mwenye birika, Nizeyimana mchunga ng'ombe, tunayemwita Docteur kwa kuwa ana dawa ya kila neno, Polycarpe fundi redio, yaani Antenne, Mama Mukasine wa korali ya kanisa, mimi na mtoto wangu mgongoni. Tangu kanisa liweke bafle mpya, spika kubwa ya muziki, Mama Mukasine haisikii noti ya kuanzia wimbo, anaanza nyuma ya wenzake. Kiongozi amemwambia ikitokea tena Jumapili, atatoka korali. Astrid alimwongezea sukari.

— Sikio la kufa halisikii dawa, Mama! Docteur akasema.

— Na wewe njo unauzisha dawa! Antenne akacheka. Ile bafle njo inakula noti, kama mbuzi mu maharagi.

— Hapana. Sauti inaenda mpaka mulima ya Masisi, inarudia imechoka, Docteur akasema.

— Basi kule Masisi banaimba noti yangu? Mama Mukasine akauliza, macho yamelowa, lakini akacheka.

— Hata! Antenne akadakia. Inanasa mu nywele ya Constance mwenye kusimama mbele yako mu korali. Haba na haba hujaza kibaba!

Dada Laetitia, mwalimu aliyekuwa kando yetu anangoja gurudumu la pikipiki yake lizibwe, akauliza:

— Mama, ukisimama fasi ingine, unaisikia?

Katika korali yetu, mahali pa mtu hapabadiliki.

— Miaka kumi na moja niko pale pale, Mama Mukasine akasema. Siyajaribu.

Laetitia akaomba kamba. Docteur akaifungua kwa ng'ombe wake, akamshika mnyama kwa pembe bila kulalamika. Laetitia akafunga ncha moja ya kamba kwenye nguzo, akaitikisa ncha nyingine. Mawimbi yakaenda, yakarudi, yakakutana. Alipoongeza mwendo, kamba ikacheza kama matumbo mawili yanayofura, katikati yake pametulia kabisa.

— Sauti inatoka mu bafle, inagonga ukuta, inarudia, Laetitia akasema. Fasi zingine, ile inaenda na ile inarudia zinasaidiana. Zingine, moja inasukuma juu, ingine chini, zinamalizana. Kwa noti ile, Mama, pengine unasimamaka hapa.

Mama Mukasine akaweka vidole viwili pale palipotulia. Kamba ikaendelea kucheza pande zote.

— Kumbe siyo masikio yangu, akasema.

Jumapili safu yake nzima ilisogea hatua moja kuelekea dirisha, naye akaanza pamoja na wenzake.